Umeme tuli na seti za elektroniki: kwa nini kinga ya shoti siyo kinga ya chipu

Siku hizi kijana anayetaka kujifunza elektroniki hasubiri nafasi ya chuo. Anaingia Kariakoo, au Luthuli Avenue kama yuko Nairobi, ama anaagiza mtandaoni, na baada ya muda anafungua seti, yaani kifurushi chenye bodi tupu, rezista (vipande vinavyopunguza umeme unaopita), taa ndogo za LED na chipu mbili tatu. Analehemu, anaunganisha betri, anatazama. Taa zisipowaka, maswali yanaanza, na katika majibu atakayopewa hakosi kusikia hili: umeiua mwenyewe kwa umeme tuli. Mwingine atamwambia umeme tuli ni shida ya nchi za baridi zenye mazulia, huku kwetu haupo. Wa tatu atamshauri avae kandambili za mpira kabla ya kugusa bodi.

Ushauri huo wa tatu ndio unaonisumbua zaidi, maana ni kanuni sahihi iliyopelekwa mahali pasipoihusu. Kandambili za mpira zinamsaidia mtu asipigwe shoti na umeme wa ukutani. Kwa chipu, zinaongeza hatari. Mkanganyiko mwingi kuhusu jambo hili umezaliwa hapo: watu wanachukua kinga ya binadamu na kuifanya kinga ya chipu, wakati mara nyingi kinga hizo mbili zinavutana.

Tuanze na maana. Umeme wa ukutani unasukumwa na mtambo na unaendelea kutiririka kadiri unavyoupa njia. Umeme tuli ni chaji iliyojikusanya juu ya kitu na kukaa hapo kwa kuwa haina pa kwenda. Inazaliwa vitu viwili vinapogusana kisha vikaachana, hasa vikisuguana. Kila aliyepita shule amewahi kusugua kalamu ya plastiki kwenye nywele zake na kuitumia kuokota vipande vya karatasi. Aliyelala Njombe au Limuru wakati wa baridi amesikia sweta ikitoa milio midogo anapoivua gizani, na pengine ameona cheche. Unapoinuka kwenye kiti chenye mto wa sponji, unapobandua seloteipu, unapochomoa bodi kwenye mfuko wa nailoni, unafanya kazi ileile, isipokuwa huioni.

Kinachoshangaza wengi ni ukubwa wa volti. Mtu anaweza kubeba volti elfu kadhaa mwilini akiwa amekaa tu na kujisogeza kwenye kiti. Mbona hafi, ilhali volti 230 za ukutani zinaua? Kwa sababu chaji yenyewe ni kidogo mno. Wahandisi wanapojaribu chipu maabara, mwili wa mtu huwakilishwa na kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji, ya pikofaradi 100 iliyofuatana na rezista ya ohm 1,500. Kapasita hiyo ikiwa na volti 3,000, nishati yote iliyomo haifiki nusu ya milijuli. Inamwagika mara moja, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, basi imekwisha. Umeme wa ukutani hauishi, unaendelea kukushika.

Picha ya maji inasaidia hapa. Chukua matangi mawili yaliyounganishwa kwa bomba lenye koki. Maji yakiwa kimo kimoja kwenye yote mawili, ukifungua koki hakuna kinachopita, hata kama yamejaa mpaka juu. Tangi moja likiwa limejaa na jingine tupu, ukifungua tu maji yanakwenda kwa kasi mpaka vimo vilingane. Volti ni tofauti ya vimo. Wewe ni tangi moja, chipu ni tangi jingine, na ncha ya kidole chako inapogusa mguu wa chipu ndipo koki inapofunguka. Ukilielewa hili, mengine yote yanafuata: chaji iliyoko mwilini mwako siyo tatizo lenyewe. Tatizo ni wewe na bodi kuwa na vimo tofauti wakati mnagusana. Kazi yote ya kujikinga ni kusawazisha mapema, kwa njia ya polepole, kabla kidole hakijafika.

Sasa kwa nini chipu inaumia kwa nusu ya milijuli? Tazama transista, yaani swichi ndogo ya umeme ambayo chipu hujengwa kwayo, ya aina ya MOSFET, mathalani IRF540, ambayo wanaounda inveta na vikuza sauti wanaifahamu vizuri. Ina miguu mitatu. Mguu mmoja, unaoitwa geti, ndiyo unaoamuru mingine miwili ipitishe umeme au isipitishe. Ndani, geti imetenganishwa na sehemu nyingine kwa utando wa kioo uliotengenezwa kwa silikoni na oksijeni, mwembamba kiasi kwamba ungepanga tando zipatazo elfu moja ndipo ufikie unene wa unywele. Mtengenezaji anasema geti hiyo isipewe zaidi ya volti 20. Mtu mwenye volti 3,000 akiigusa, chaji yake inagawanyika kati ya mwili na geti, na kwa hesabu ya kapasita zao geti inabaki na zaidi ya volti 100. Utando unatoboka. Tundu lenyewe huwezi kuliona kwa macho, lakini transista hiyo haitafungwa wala kufunguliwa sawasawa tena.

Chipu za kisasa zina diodi ndogo za ulinzi, zinazoelekeza chaji pembeni, kwenye miguu yake, na nyingi hujaribiwa zivumilie volti 1,000 mpaka 2,000 kutoka kwa mtu. Ni msaada mkubwa, na ndiyo sababu wengi hulehemu bila tahadhari yoyote na seti zao zikafanya kazi. Lakini linganisha na hisia zako. Binadamu wa kawaida haihisi cheche iliyo chini ya volti 3,000 hivi. Kusikia mlio wake au kuiona kunahitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo kuna nafasi pana ambamo chipu inaweza kufa na kidole hakijahisi chochote. Anayesema "sikusikia shoti, kwa hiyo sikuiharibu" anatumia kipimo ambacho hakifiki chini kiasi kinachotakiwa.

Na kuna baya zaidi ya kufa papo hapo. Wakati mwingine utando hautoboki kabisa, unajeruhiwa tu. Chipu inawaka, taa zinakimbizana, unafurahi. Baada ya wiki au miezi, joto na matumizi vinamalizia kazi. Hapo hakuna atakayeikumbuka siku ile uliyoitoa chipu kwenye nailoni ukiwa umevaa sweta. Lawama zitakwenda kwa betri, kwa muuzaji, au kwa "vitu vya Kichina".

Niseme pia upande wa pili, maana haki itendeke. Seti nyingi za wanaoanza zisizowaka hazikuuliwa na umeme tuli. Ziliuliwa na betri iliyogeuzwa, LED iliyowekwa kinyume, au kiungo cha risasi ambacho hakikushika. Mtu akikuletea bodi iliyokufa, anza na hayo. Umeme tuli usiwe kisingizio cha kila kitu kisichoeleweka.

Je, huku kwetu upo? Upo, ila haulingani kila mahali. Hewa yenye unyevu inaacha tabaka jembamba la maji juu ya vitu, na chaji inavuja taratibu kupitia humo. Katika takwimu ambazo wahandisi wamezinukuu kwa miaka mingi, mtu anayetembea juu ya zulia anaweza kufikisha volti 35,000 hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 20, lakini takriban 1,500 unyevu ukiwa kati ya asilimia 65 na 90. Mfuko wa plastiki ulioinuliwa mezani: 20,000 kwenye ukavu, 1,200 kwenye unyevu. Kwa hiyo aliyeko Tanga, Mombasa au Unguja amepewa ulinzi wa bure na bahari, na kwa haki anaweza kukaa miaka bila kuiona cheche. Ila tazama tena hizo 1,200. Huzihisi, na bado zinatosha kuijeruhi geti isiyo na ulinzi.

Aliyeko Dodoma au Singida katika miezi mikavu ya katikati ya mwaka hana ulinzi huo, wala aliyeko Nairobi mchana wa Januari na Februari. Na hata Dar es Salaam, ukijifungia kwenye chumba chenye kiyoyozi umejitengenezea ukavu wako mwenyewe, kwa kuwa kiyoyozi hukamua maji hewani. Ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, nyumba zikipashwa joto wakati wa baridi, ndio walio hatarini kuliko wote.

Kuna jambo jingine lililobadilika nyumbani kwetu bila kutangazwa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Ni hatua njema kwa mitaro na mifugo. Lakini mifuko laini ya rangirangi iliyochukua nafasi yake, ingawa inafanana na kitambaa, mingi ni ya polipropilini, ambayo hupata chaji kwa urahisi mno inaposuguliwa. Usibebe bodi isiyo na mfuko wake ndani ya hiyo ukidhani umeiweka kwenye pamba.

Turudi kwenye kandambili. Ukitembea na mpira miguuni, chaji inayozaliwa haiwezi kushuka ardhini. Inabaki kwako ikisubiri mahali pa kutokea, na mahali hapo panaweza kuwa mguu wa chipu. Chipu inataka uunganishwe na ardhi. Usalama wako wewe unataka usiunganishwe nayo moja kwa moja, kwa sababu mkono mmoja ukigusa waya wa moto, yaani wenye umeme, huku mwili umefungwa ardhini kwa waya mtupu, umeme wa ukutani utapita kwako bila kizuizi. Matakwa haya mawili yanapatanishwa na kitu kidogo sana: rezista ya megaohm moja, yaani ohm milioni moja.

Ndiyo iliyomo ndani ya waya wa bangili ya kuzuia umeme tuli, ile inayovaliwa kwenye kifundo cha mkono na kuishia na kibanio. Chaji tuli, kwa kuwa ni kidogo, inateremka kupitia megaohm moja kwa sehemu ndogo ya sekunde, bila kishindo. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukigonga rezista hiyohiyo, unaoweza kupita ni miliampea 0.23 tu, kiasi ambacho watu wengi hata hawakihisi. Ndiyo maana sitaki kusikia fundi akimwambia mwanafunzi afunge waya wa shaba mkononi na kuuchomeka kwenye tundu la juu la soketi. Kwa chipu waya huo unafanya kazi. Kwa mtoto ni mtego. Mwenye multimita, yaani kipimo cha umeme, aipime bangili kabla ya kuitumia: kutoka kwenye kifungo hadi kwenye kibanio isome karibu megaohm moja. Ikisoma sufuri, rezista haimo, itupe. Ikiwa haisomi kitu, waya umekatika ndani na umevaa pambo.

Bangili iguse ngozi, isivaliwe juu ya mkono wa shati, na isilegee. Zile zisizo na waya, zinazouzwa mtandaoni kwa madai kwamba zinatoa chaji hewani, hazikuunganishi na chochote. Hifadhi pesa yako.

Kibanio kibanwe wapi? Soketi zetu zina matundu matatu na lile la juu ni la waya wa ardhi, lakini katika nyumba nyingi waya huo umekatwa, haukufika kwenye nondo ya ardhini, au haukuwahi kuwekwa. Mwombe fundi umeme aupime. Usijipimie mwenyewe kama hujafundishwa. Bomba la maji lililokuwa likipendekezwa zamani nalo limepitwa na wakati, kwani mabomba mengi sasa ni ya plastiki na koki ya chuma mwisho wake haifiki popote. Grili ya dirisha iliyojengewa ukutani inafaa kiasi, mradi ushike sehemu isiyo na rangi.

Hata hivyo, kumbuka matangi. Hata bila ardhi ya kweli, ukijifunga wewe, meza na bodi mahali pamoja, mmelingana vimo na cheche haina sababu ya kuruka. Kwa anayefungua kompyuta, mahali hapo ni chuma kitupu cha kasha lake: chomoa plagi, bana kibanio kwenye chuma, fanya kazi. Kwa mwenye seti ndogo, ni mkeka maalumu wa kuondoa chaji ukiupata. Usipoupata, meza ya mbao tupu isiyotandikwa plastiki ni afadhali kuliko ile yenye kitambaa cha nailoni cha maua. Usitandike karatasi ya alumini ya jikoni ukidhani ndiyo bora zaidi. Chuma kitupu humwaga chaji ya chipu kwa kishindo kilekile tunachokikimbia, na siku utakayosahau na kuwasha bodi juu yake utaunganisha miguu yote kwa mpigo mmoja.

Bangili ina mpaka wake, na hili wengi hawalijui: haifanyi lolote kwa plastiki. Mwili wako unapitisha umeme, kwa hiyo chaji yake inaweza kuondoka. Kikombe cha plastiki, povu jeupe lililokuja na boksi, mfuko wa nailoni na seloteipu havipitishi. Hata ukivifunga waya, chaji inabaki palepale ilipo. Dawa yake ni umbali. Viweke sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye kazi yako, na kila ubanduaji wa seloteipu umalizike kabla chipu haijatoka mfukoni.

Tuchukue seti ambayo wengi huanza nayo: taa kumi zinazokimbizana, yenye chipu ya NE555 inayopiga mapigo na CD4017 inayoyahesabu. Chipu hizi mbili zinakaa bodi moja lakini hazifanani. NE555 ya kawaida ni ngumu kiasi. CD4017 yenye miguu 16 ni ya jamii ya CMOS, iliyojaa geti za aina tuliyoieleza, na ndiyo ya kuilinda. Kwa hiyo iache kwenye sponji nyeusi iliyochomekwa ilipouzwa. Lehemu kwanza rezista, maana haziogopi. Kisha soketi ya chipu, yaani kikalio ambamo chipu itachomekwa, ikiwa tupu, kapasita na LED. Pasi ya kulehemu ya bei nafuu yenye plagi ya miguu miwili inaweza kuvujisha umeme kidogo kwenye ncha yake. Kwa kuwa chipu haimo, hakuna kinachodhurika. Kagua viungo vyote. Mwisho kabisa, betri ikiwa bado haijaunganishwa, vaa bangili, au kama huna shika chuma kilichounganishwa na ardhi. Gusa sponji nyeusi kwanza, ili wewe na chipu mlingane. Ishike kwa ncha zake mbili zisizo na miguu, geuza kipengo chake kielekee kwenye alama ya soketi, ikandamize polepole.

Asiye na bangili ajue kwamba kugusa chuma mara moja kunamsafisha wakati ule tu. Akiinuka kwenda kuchukua bisibisi na kurudi, ameshabeba chaji mpya. Aguse tena kila anapokaa.

Mifuko ambayo chipu na bodi huuzwa ndani yake nayo inachanganya. Ule wa waridi hautengenezi chaji nyingi unaposuguliwa, lakini hauzuii cheche inayotoka nje. Unafaa kwa skrubu na rezista zinazokaa jirani na chipu. Ule wa kijivu chenye kung'aa una tabaka la chuma ndani yake na ndio unaokinga kilichomo, mradi umefungwa mdomo na haujatoboka. Kuweka bodi juu ya mfuko huo siyo sawa na kuiweka ndani, na kuiwasha ikiwa juu yake ni kutafuta shoti. Sponji nyeusi inapitisha umeme kwa makusudi, ili miguu yote ya chipu ibaki kimo kimoja. Kwa sababu hiyohiyo usichomeke humo bodi yenye betri ya kidonge, itamalizika. Sponji ya waridi au nyeupe, hata ikikatwa umbo lilelile, haifanyi kazi hiyo.

Limebaki moja ambalo naulizwa mara nyingi: ule mtekenyo unaousikia ukipitisha kiganja juu ya laptopu ya chuma inayochaji, huo siyo umeme tuli. Ni kiasi kidogo cha umeme wa ukutani kinachopita kwenye kapasita za ndani ya chaja, na kingeteremka kwenye waya wa ardhi kama ungekuwepo. Tofauti unaijua kwa urahisi: cheche tuli inagonga mara moja na kuisha, mtekenyo unaendelea kadiri chaja imechomekwa. Kwa mtu mwenye afya kwa kawaida hauna madhara, lakini kwa bodi unaweza kuwa na volti karibu nusu ya zile za ukutani, na hausubiri uvae sweta. Ukitaka kuingiza programu kwenye bodi ya Arduino au ESP32 huku ukiigusa au kuigusisha na kifaa kingine kilichochomekwa ukutani, chomoa chaja ya laptopu kwanza na utumie betri yake mpaka umalize.